Bili ya seva inapanda tu, niongeze RAM tena?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina duka la spea za pikipiki hapa Mwanza na tunauza mtandaoni pia, sistimu alinitengenezea kijana mmoja kwa PHP na MySQL. Bili ya seva inapanda, tena wanakata kwa dola, na kila nikimuuliza ananiambia tuongeze RAM. Tushaongeza mara mbili na jioni wateja wakiwa wengi bado inazunguka tu. Niongeze tena?
Mama Spea, Mwanza

JIBU: Salama dada. Usiongeze kwanza. RAM ni jibu jepesi kwa fundi maana anayelipa ni wewe.

Mwambie awashe slow query log ya MySQL, yaani daftari la database yenu linaloandika kweri (maombi ya data) zinazochelewa, ni ya bure ila inakujaga imezimwa, na kipimo chake cha kuanzia ni sekunde 10, yaani kweri ikichukua sekunde 9 haiandikwi kabisa, so ashushe mpaka 1 aiache siku kadhaa aone jioni inakamata nini. Zile zinazojirudia azipitishe kwenye EXPLAIN, amri inayoonyesha MySQL inatafutaje data. Kama hakuna indeksi (orodha ya kutafutia haraka) basi MySQL inapekua jedwali zima kumtafutia mteja plagi moja, ni kama stoo isiyo na lebo, unafungua boksi moja moja. Indeksi yenyewe ni mstari mmoja tu wa amri (asijaze kila kolamu lakini, zikizidi zinachelewesha kuandika data).

Halafu acheki ukurasa wa bidhaa. Hapa ndo mafundi wengi wanaboronga: programu inaomba orodha ya bidhaa 50, kisha inarudi kuomba bei ya kila moja peke yake, kwahiyo mteja mmoja kufungua ukurasa ni kweri 51 wakati ingetosha moja au mbili, na hiyo hata uweke RAM ya benki haiponi.

Sasa kitu ambacho hatakwambia: sistimu ikishakuwa nyepesi bili haishuki yenyewe, unalipia ukubwa wa mashine hata kama imelala. Angalieni matumizi ya CPU (prosesa) na RAM wiki nzima, zikikaa chini hata jioni rudini plani ndogo. Ila kama mnalipa dola 20 tu kwa mwezi na kijana anataka laki tano kurekebisha, piga hesabu vizuri, hiyo hela itachukua muda kurudi. Na akikushawishi kupanda plani tena muulize kama diski nayo inakua, maana kwa watoa huduma wengi diski ikishapanuliwa hairudi, mtalazimika kuhamia seva mpya.