Maswali yenu: silika ni ipi, tabia ni ipi?

Safu iliyopita niligusa neno silika kwa mstari mmoja tu, barua zikamiminika. Nyingi zilikuwa zinauliza jambo lile lile, kwa hiyo nimechambua chache.

Mwalimu, shikamoo. Kuna tofauti gani kati ya silika, hulka na tabia? Darasani tunaambiwa tutaje "tabia na hulka za mhusika" kana kwamba ni kitu kimoja. (Mwanafunzi, Kakamega)

Marahaba. Maneno yote matatu yametufikia kutoka Kiarabu, na mitaani watu huyachanganya bila ugomvi. Ukitaka kuyapambanua, uliza kwanza: hili alizaliwa nalo au alilikuta duniani?

Silika ni msukumo anaozaliwa nao kiumbe, wala hakuna aliyemfundisha. Mtoto mchanga ukimgusa shavu anageuza uso kutafuta titi. Kuku anayelalia mayai kwa mara ya kwanza hajapelekwa unyago na mtu. Jambo la silika ni la aina nzima ya viumbe, si la Juma peke yake. Hulka inashuka kwa mtu mmoja mmoja: huyu mpole, yule ana harara, mdogo wao mcheshi tangu anatambaa. Tabia ndiyo pana kuliko zote. Inabeba vya kuzaliwa na vya kuokota njiani, ndiyo maana kuchelewa harusini ni tabia, na kusengenya ni tabia.

Kwenye mtihani, mhusika anayeonewa kila sura na bado anasamehe, mwandikie hulka ya upole. Mlevi usimpe "silika ya ulevi". Ulevi aliupatia kilabuni.

Ni silika au silka? Na wingi wake? (Mhariri mchanga, Dodoma)

Silika. Ngeli ya I-ZI: silika hii, silika hizi, silika zao. "Masilika" niliyoyaona kwenye barua moja ya leo yafutwe.

Kaka, mume wangu aliwahi kufungwa kwa wizi. Sasa mtoto wetu wa miaka saba amechukua hela dukani kwa shangazi yake. Mawifi wanasema ni silika ya baba yake, mtoto wa nyoka ni nyoka. Wizi unarithiwa kweli? (Mama, Tanga)

Pole, dada. Hapana.

Wizi hauwezi kuwa silika. Ili uwe mwizi lazima kwanza ujue kuna changu na kuna chako, na mpaka huo hakuna anayezaliwa anaujua. Unafundishwa, tena taratibu, na watoto wengi wa umri huo wanauvuka wakiujaribu. Kinachoweza kutoka kwa wazazi ni mambo ya hulka: wepesi wa kutamani, uthubutu, kutotulia. Hayo hayo yakilelewa vizuri yanatoa fundi hodari au mfanyabiashara.

Mawifi wamechagua methali moja wakaiacha nyingine. Waswahili hao hao walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi ningefanya hivi: nenda na mtoto dukani, hela aishike yeye, amkabidhi shangazi mkononi na aseme mwenyewe alichofanya. Hadhara isiwepo. Na lile neno la mawifi lisitamkwe tena mbele yake, maana mtoto akiambiwa mara nyingi kwamba yeye ni nyoka, atajifunza kuuma.

Mjomba wangu wa Karatu anasema ndege wa asali hufundishwa kuongoza watu. Mimi nasema ni silika. Tumewekeana soda. Nani anywe? (Msomaji, Arusha)

Gaweni. Kila mmoja ameshika nusu, na swali hili limenifurahisha kuliko yote.

Tuanze na nusu yako. Ndege huyu halelewi na mama yake hata siku moja. Jike hutaga yai kwenye kiota cha ndege wengine, keremkerem kwa mfano, ndani ya shimo lenye giza, halafu anakwenda zake. Kinda huanguliwa na ndoano kali kwenye ncha ya mdomo. Macho hayajafunguka bado, lakini anawang'ata wenzake wa kiotani mpaka wafe, abaki analishwa peke yake na wazazi wa kambo ambao hawana habari ya mtu wala ya kurina asali. Babu gani basi alimfundisha? Hata hivyo akikua anamtafuta mtu porini, anamchachia kwa kelele, anaruka mti hadi mti huku akimsubiri, hadi penye nyuki. Mtu anafukiza moshi, anapasua gogo, anachukua asali. Ndege anabaki na nta na majana. Hapo silika imefanya kazi yake.

Sasa nusu ya mjomba. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi humwita ndege huyu kwa miluzi. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, humwita kwa kutetemesha ulimi na kumalizia na mguno, "brrr-hm". Mwaka 2016 mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha walichokiona Niassa: ukitumia mlio huo badala ya sauti nyingine, uwezekano wa kupata ndege wa kukuongoza unapanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood wakaja na jaribio jingine. Walizipeleka sauti zote mbili pande zote mbili, na ndege wa Eyasi wakaitikia zaidi miluzi ya Kihadzabe, wa Niassa wakaitikia zaidi mlio wa Kiyao. Ndege ni wa aina moja. Hamu ya kuongoza wamezaliwa nayo, lakini lugha ya wenyeji wanajifunza, na walimu wao huenda ni warina asali wenyewe.

Mwambie mjomba kwamba aliposema "hufundishwa" alikuwa karibu sana na ukweli, ila soda nzima haistahili.

Naongoza watalii Amboseli. Kama silika haifundishwi, mbona watoto wa tumbili wanakosea? Nimewaona wakipiga kelele za hatari kwa ndege asiye na madhara. (Loitokitok)

Umeona vizuri, na hapo hapo Amboseli ndipo jambo hili lilipochunguzwa. Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler waliandika mwaka 1980 kuhusu kelele tatu za tumbili. Ya chui inawapandisha mtini. Ya tai inawafanya watazame juu au wakimbilie kichakani. Ya chatu inawasimamisha kwa miguu ya nyuma wakiangalia nyasi chini. Watafiti walirekodi kelele hizo, wakazicheza kwa spika wakati hakuna mnyama yeyote wa hatari, na tumbili wakafanya vile vile.

Mtoto wa tumbili hapigi kelele ovyo. Kelele ya tai ataipigia kitu cha angani, hata jani linalodondoka, lakini hataipigia nyoka. Silika imempa mafungu makubwa: cha juu, cha chini chenye miguu, cha kutambaa. Kujua kwamba korongo si tai kunakuja na umri, akiwaona wakubwa wanaitikia lini na wanapuuza lini. Kwa hiyo silika inaweza kuwa na makosa. Sijui nani alituzoesha kufikiri kwamba kitu cha kuzaliwa nacho lazima kizaliwe kimekamilika, wakati meno yetu wenyewe tumezaliwa hayajaota.

Ustadhi wetu anasema kila mtoto huzaliwa katika fitra. Ndiyo silika hiyo? (Msomaji, Lamu)

Jirani, si ndugu wa tumbo moja. Hadithi ya Mtume aliyoitaja ustadhi inazungumzia maumbile safi aliyoumbiwa mwanadamu, yenye kuelekea kumjua Muumba, kabla wazazi hawajamwelekeza kwingine. Fitra ina dini ndani yake na ina uzuri ndani yake. Silika haina hata kimoja. Kinda wa ndege wa asali anapowaua wenziwe hatumwiti muovu, wala ng'ombe anayemlamba ndama hatumpi thawabu. Ukisema fitra ya paka, wasomi watakunja uso. Silika ya paka, sawa kabisa.

Nimeona tangazo la kazi: "Mwombaji awe na silika ya uongozi na silika ya kutumia kompyuta." Ni Kiswahili hicho? (Mtafuta kazi, Mbagala)

Cha kompyuta ni kichekesho. Hakuna mtu aliyezaliwa anajua kompyuta, hata hawa wa siku hizi wanaoshika simu kabla ya kijiko. Hapo walitaka "ujuzi wa kutumia kompyuta".

"Silika ya uongozi" ina watetezi wake, na katika mazungumzo siwezi kugombana nao. Kwenye tangazo ningeandika "kipaji cha uongozi", au bora zaidi, "uzoefu wa kuongoza watu", kwa sababu huo mwajiri anaweza kuuhakiki. Silika ataihakiki kwa cheti gani? Wewe omba tu kazi hiyo. Kwenye barua yako andika ujuzi, andika uzoefu, na wala usiwasahihishe Kiswahili chao kabla hujasaini mkataba.