Nani alitoboa hapa?

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Je, ni busara mwenye gari kulitengeneza mwenyewe nyumbani ili aokoe pesa?" Nilisoma swali nikiwa kwenye foleni ya benki, nikacheka peke yangu hadi mama aliyekuwa mbele yangu akageuka kuniangalia. Jibu langu ni ndiyo, kila mwenye gari ashike spana. Ila habari ya pesa tuiweke kando kwanza. Sijamwona bado mtu aliyeingia chini ya gari lake kwa ajili ya pesa, hata kama ndivyo alivyomwambia mkewe.

Tunaingia chini ya gari kwa sababu ya gereji. Unajua unavyosimama pale: umevaa shati la kazini, funguo mkononi, na fundi humwoni ila miguu yake. Sauti inatoka chini: "Mwalimu, hapa busheni zimekwisha." Unaitikia kwa kichwa, kana kwamba miguu ina macho. "Zote?" "Zote." Ukirudi jioni gari linalia vilevile, kiti kimesogezwa nyuma, redio imehamia stesheni nyingine, na mshale wa petroli umeshuka. Unalipa. Unasema asante pia. Njia nzima unajiuliza busheni ni kitu gani hasa, na kama ulikuwa nazo hata kabla.

Mimi nafundisha hesabu hapa Jinja, Uganda, naishi Walukuba. Gari langu ni Kikumi, yaani Toyota Corolla ya zamani, namba yake inaanza na UAE, kwa hiyo mnaojua kusoma namba zetu mmeshapiga hesabu ya umri. Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza nchini magari yaliyozidi miaka 15, lakini ya kwetu yalikuwa yameshaingia zamani na hayana mpango wa kuondoka. Kitabu cha maelezo nilikikuta ndani ya gari, kizuri kabisa, kimeandikwa Kijapani.

Basi mwaka jana niliona mshale wa joto umelala chini. Ukitoka hapa kwenda Kampala, unavuka daraja, unaingia msitu wa Mabira, unapita Lugazi, mshale haunyanyuki. Unaamka tu ukinaswa na foleni ya Mukono. Na petroli ilikuwa inanywewa kama chai ya msibani. Nikatazama video usiku tatu mfululizo, nikagundua ugonjwa: themostati haipo. Ni kile kidude chenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi huziba njia ili maji yasiende kwenye rejeta, na joto likifika kama nyuzi 82 nta huvimba na kufungua mlango. Mafundi wetu wengi hukitoa na kukitupa. Ukiuliza, jibu ni moja kutoka Busia hadi Kasese: "Huku hakuna baridi." Kana kwamba kidude kile ni sweta. Injini isiyopata moto wake hula petroli na kuchafua oili, hata kama nje jua linachoma mahindi.

Nilifurahi. Nilikuwa nimewakamata.

Nikapanda taksi hadi soko la vipuri la Kisekka, Kampala. Kijana wa duka aliniuliza swali wanalokuuliza wote, "Unataka jenyuini au dupu?" yaani halisi au ya kuiga, nikanunua jenyuini kwa shilingi 25,000, angalau ndivyo boksi lilivyosema. Nyumbani nikaifunga uzi nikaining'iniza ndani ya sufuria ya maji juu ya sigiri. Watoto wote wa ploti walikuja. Maji yakaanza kutoa mvuke, kidude kimetulia tu, halafu polepole kikafungua mdomo kama samaki. Watoto wakapiga makofi. Mke wangu naye akataka kujua maharage atayapikia wapi.

Hapo ningeacha, ningekuwa mtu mwenye heshima hadi leo. Lakini ilikuwa Ijumaa jioni, na kesho yake Jumamosi ilikuwa kwanjula ya mpwa wangu, siku ya kwenda kutambulishwa kwa wakwe, kule Iganga. Mimi ndiye niliyekuwa nimeahidi kuwabeba baba mdogo, shangazi wawili na msemaji wetu. Nikasema ni nati mbili tu. Za namba 10. Kwenye video yule jamaa wa Marekani alizifungua kwa vidole viwili huku anaongea. Gari la yule jamaa halijawahi kunyweshwa maji ya jerikeni ya njano. La kwangu halijawahi kunywa kitu kingine. Bolti za chuma zilizopandwa kwenye alumini, ukizilowesha maji matupu miaka hiyo yote, huwa zimeshaoana na zimezaa.

Saa moja na nusu usiku nikamwaga maji. Kijana wa jirani akanishikia taa ya simu. Nikaweka spana kwenye nati ya kwanza, nikavuta. Ngumu. Nikavuta tena kwa mikono miwili, mguu umejikaza kwenye bampa. Ikalegea. Na hapa naomba mnivumilie, maana ndicho hasa kilichonifanya niandike. Nati inayofunguka kweli hulegea kwa hasira: inalia kwanza, inakubali, inakataa, inakubali. Hii haikulia. Ilizunguka laini, tamu, kama kisu kwenye parachichi. Nilifurahi kwa robo ya sekunde. Halafu spana ikabaki mkononi na nati ndani yake, na ndani ya nati kipande cha bolti kinachong'aa mahali kilipokatikia, cheupe kama jino la mtoto.

"Imefunguka, Mwalimu?" akauliza kijana.

"Imefunguka," nikasema.

Nati ya pili sikuthubutu kuigusa. Nikakaa juu ya tairi la spea nikiwaza. Nikajaza maji, nikawasha, nikidhani labda nati moja itashikilia hadi Iganga na kurudi. Yakatoka pembeni kwa mruko, yakanipata kifuani. Mtu mwenye akili angepiga simu kwa baba mdogo saa hiyohiyo. Mimi nilikwenda kuazima drili kwa seremala. Seremala, nasema, si hata fundi wa vyuma. Ncha zake ni za mbao, ikabidi ninunue za chuma kwenye duka lililokuwa linafunga, 12,000. Nikaanza kutoboa kile kisiki katikati. Lakini chuma ni kigumu na alumini ni laini, na ncha ya drili ina tabia za wanafunzi wangu: ikipewa njia mbili hufuata iliyo nyepesi. Iliteleza pembeni. Nilihisi imeanza kuingia vizuri, nikaongeza nguvu. Kumbe nilikuwa natoboa injini.

Saa nne na nusu usiku betri ya simu ya kijana ikaisha, na nadhani iliisha kwa makusudi.

Asubuhi baba mdogo alifika na kanzu yake na koti, fimbo mkononi. Alilitazama gari, boneti wazi, akanitazama mimi. Hakusema neno. Tukakodi taksi, 180,000 kwenda na kurudi, kwa sababu siku ya Jumamosi dereva anajua una shida. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa katikati ya shangazi zangu na vikapu. Nilikuwa nimeoga mara mbili, nimesugua mikono kwa Omo na limau, lakini grisi ya ndani ya kucha hailijui limau.

Kule Iganga mambo yalikwenda vizuri, binti alituchagua. Wakati wa chakula msichana mmoja akapiga magoti mbele yangu na beseni na jagi ili ninawe. Akamimina. Maji yakashuka meusi. Akasita, akatazama beseni, akatazama kanzu yangu nyeupe, akamimina tena, yakashuka ya kijivu. Akauliza kwa adabu, sauti ya chini kabisa: "Baba, wewe ni makanika?" Kabla sijajibu, baba mdogo akajibu kutoka upande wa pili wa hema: "Bado anasomea." Meza nzima ya wakwe ikacheka. Hadi leo wanaponisalimu kwenye simu wananiita Makanika.

Jumatatu gari likavutwa hadi gereji, 30,000. Fundi wangu ni mzee, anafanyia kazi chini ya mwembe, na ndiye niliyekuwa namsema hapo juu habari za busheni. Akainama, akamulika. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza:

"Mwalimu, nani alitoboa hapa?"

Nina miaka 46. Nasimamia mitihani ya taifa. Nikasema: "Kijana mmoja wa mtaani."

"Usimpe gari tena," akasema.

Halafu akanionyesha. Yule kijana, alisema, angeiacha drili. Angefungua nati ya pili, kifuniko chote kingechomoka, na kile kisiki kingebaki kimesimama nje urefu wa ukucha. Unakipasha moto kidogo, unakishika kwa koleo la kujifunga, unakizungusha, kimetoka. Kazi ya dakika kumi. Alieleza yote hayo bila kunitazama usoni. Alikuwa anatazama kucha zangu.

Nati ya pili alianza kwa kuikaza. Niliona kwa macho yangu: akaigonga kichwani mara mbili, taratibu kama anayebisha hodi, akaikaza kidogo tu, ikalia, ndipo akairudisha. Ikatoka nzima. Kifuniko kikafunguka na ndani, kama nilivyosema, hamkuwa na themostati. Palikuwa na gamu nyekundu tu.

Hiyo ndiyo nafasi niliyoingojea. "Fundi, themostati yangu ilikwenda wapi?"

"Nilitoa mimi," akasema, bila wasiwasi wowote. "Hukumbuki? Ile siku gari lilichemka, ilikuwa imekwama. Ulikuwa unakimbilia mazishi Tororo. Nikakwambia ungoje nitafute nyingine. Ukasema fanya lolote, mradi liwake."

Nikakumbuka. Nilisema hivyohivyo. Na sikurudi kuuliza, maana gari liliwaka.

Alipanua lile tundu langu lililopinda, akakata hesi mpya ya bolti ya milimita 8, akafunga. Themostati aliitazama kwa huruma, "Kweli unaitaka? Huku hakuna baridi," lakini aliiweka. Alitaka 40,000. Sasa piga hesabu nami, maana ndiyo kazi yangu: themostati 25,000, gamu 5,000, ncha za drili 12,000, taksi 180,000, kuvutwa 30,000, fundi 40,000. Ni 292,000. Siku nyingine nilimuuliza angenitoza ngapi kama ningempelekea ile themostati Ijumaa. Akasema elfu ishirini, na angeondoa hiyo ishirini kama ningemletea chai.

Kwa hiyo, Mhariri, ile "ndiyo" yangu ya mwanzo imeshapungua uzito humu njiani, mmeona wenyewe. Kuokoa pesa, hapana. Kwa mwenye gari moja, hapana kabisa kuanzia Ijumaa jioni. Ukitaka kujifunza, anza siku ambayo hakuna anayekungoja. Oili badilisha, filta ya hewa safisha, plagi toa, lakini waya zake toa mmoja mmoja, maana zina mpangilio wake, 1-3-4-2, na ukizichanganya gari litapiga risasi hadi majirani walale chini. Breki na usukani sigusi, na nikikuona unagusa, nitapita barabara nyingine. Wala sijafuta niliyosema kuhusu redio na kiti na petroli. Hayo ni ya kweli na yanaendelea.

Mshale sasa unapanda hadi katikati na kukaa hapo, hata Mabira. Petroli naona imepungua kunywewa, ingawa sijaipima kwa uangalifu unaostahili mwalimu wa hesabu. Ila pampu ya maji imeanza kudondosha. Nilipompelekea fundi aitazame, aliniambia kazi hiyo si ya haraka, ataifanya Jumamosi. Kisha akaongeza, huku anafuta mikono: "Na yule kijana mwambie naye aje. Nitamwonyesha."

Nilikwenda saa mbili asubuhi, nimevaa ovaroli niliyonunua mtumbani. Fundi hakuuliza kijana yuko wapi. Alinipa brashi ya waya na kopo la dizeli, akaninyooshea kidole rundo la nati zenye kutu chini ya mwembe, akarudi chini ya gari la mtu mwingine.