Kupandikiza jino kwa mwenye kisukari

Mama, umeuliza kama mzee wako, aliyeng'olewa magego mawili ya chini hapa Bukavu, anaweza kupandikiziwa mengine wakati anaugua kisukari. Anaweza, mradi sukari yake iwe imetulia kwa miezi kadhaa, kwa sababu ikiwa juu kidonda huchelewa kupona na vijidudu hupata nafasi. Kinachopandikizwa ni skrubu ndogo ya titani, ambayo mfupa wa taya huishika polepole kwa miezi 3 hadi 6, ndipo jino la bandia hufungwa juu yake. Daktari Brånemark wa Uswidi, mwanzilishi wa njia hii, alimtibu hivyo mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965.

Ninalokusihi zaidi ni radio ya taya, yaani picha ya eksirei, kabla ya kulipa chochote. Pengo langu lilikaa miaka sita, na nilipopitisha ulimi nilihisi ufizi umebonyea kabisa, maana mfupa usiotafuna hupungua. Ilibidi kwanza niongezewe mfupa, jambo ambalo mganga wa meno wa kwanza hakunieleza kamwe. Tena kwenye taya la chini hupita mshipa wa fahamu, na skrubu ikiugusa, mdomo unaweza kubaki na ganzi.

Akivuta tumbaku, aache. Baadaye asugue shingo ya jino hilo kila siku, pale linapokutana na ufizi, kwani halitoboki lakini ufizi wake unaweza kuugua.