Nyimbo na hadithi zako ziwafikie vipi watoto wenye uhitaji?

Ndugu yangu, nimekuelewa: unatunga nyimbo na kuandika hadithi, na unatamani vipaji hivyo viwafae watoto maskini popote duniani, ila hujui uanzie wapi.

Anza na hadithi, kwa kuwa hazihitaji mtaji. Maktaba ya mtandaoni ya African Storybook hupokea hadithi fupi za watoto, ambazo mtu yeyote huweza kuzisoma, kuzichapa na kuzitafsiri bila malipo. Ruhusa hiyo ukishaitoa haibatilishwi, basi toa kazi uliyoridhia kuigawa.

Kwenye muziki, uwe mwangalifu zaidi. Tamasha la wanamuziki George Harrison na Ravi Shankar la tarehe 1 Agosti 1971 mjini New York, lililokusudiwa kuwasaidia wakimbizi wa Bangladesh, lilichangisha fedha nyingi, lakini sehemu kubwa ya mapato ilizuiliwa kwa miaka na mamlaka ya kodi ya Marekani kwa sababu waandaaji hawakuwa wameomba mapema msamaha wa kodi. Kwa hiyo usichangishe kwa jina lako. Tafuta shirika lililosajiliwa, na mwanasheria aupitie mkataba kabla hujatia saini. Nakusihi pia usioneshe sura za watoto bila idhini ya walezi wao.