Jibu: Rolls-Royce ya BMW bado ni Rolls-Royce?
Mkuu, umeuliza kama Rolls-Royce imepoteza ladha yake tangu iingie mikononi mwa BMW. Nasema haijapoteza, ingawa nakiri kwa shingo upande. Injini ya V12 (yenye silinda kumi na mbili) ya Phantom, gari lao kuu, ina damu ya Kijerumani, hilo halina ubishi. Lakini tangu 2003 magari yanaundwa Goodwood, Uingereza, na ule mstari mwembamba wa ubavuni bado unachorwa kwa brashi, mkono wa mtu. Fungua mlango, mwavuli umo humohumo. Gurudumu linazunguka, herufi za RR katikati zimesimama wima! Hata Spectre ya umeme hainisumbui. Hawa jamaa tangu zamani wanauza ukimya. Kinachonikera ni Cullinan, SUV yao. Lile dude, mh, hapana kwa kweli.