Jibu: Kilo 20 za zabibu ni uzito au tungamo?

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini ulikosa alama kwa kuandika "uzito wa kreti la zabibu ni kilo 20", wakati Soko la Majengo kila mtu anasema hivyo. Sokoni uko sahihi, ila kwenye mtihani wa fizikia umekosea.

Kilo hupima tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo. Uzito ni kani ya dunia kulivuta kreti hilo, na kani hupimwa kwa nyutoni. Zidisha kilo kwa 9.8, yaani mvutano wa dunia kwa kila kilo: 20 × 9.8 = nyutoni 196. (Wakikuambia utumie 10 badala ya 9.8, andika nyutoni 200, usibishane.)

Sasa lipeleke kreti mwezini, ambako mvutano ni kama 1.6 tu. Uzito unashuka hadi nyutoni 32, lakini zabibu ni zilezile. Mizani ya mawe bado itasoma kilo 20, kwa kuwa mawe nayo yamepungua uzito kwa kiasi kilekile. Ile ya springi, ya kuning'iniza, itakudanganya: itasoma kilo 3 na kidogo.

Na usisahau kuandika kizio. "196" peke yake haina maana, na hapo ndipo wengi tulipoteza alama za bure.