Simu ilinipeleka kwenye michungwa ya jirani

Baba yetu alipofariki alituachia shamba la ekari 12 Muheza, pamoja na bahasha ya kaki yenye mchoro wa upimaji wa mwaka 1986. Sisi watoto tumekulia Tanga mjini. Shamba tulilijua kwa kwenda kuvuna machungwa na kurudi. Mipaka alikuwa nayo yeye kichwani. Ndugu zangu wakanikabidhi kazi ya kuitafuta kwa kuwa mimi ndiye ninayeshinda na simu na kompyuta, nami nikaona ni kazi ya asubuhi moja.

Kwenye mchoro kila bikoni, yaani alama ya zege ya kona ya shamba, ina namba zake mbili: ya mashariki yenye tarakimu 6, na ya kaskazini yenye tarakimu 7 inayoanza na 94. Nikapakua programu ya bure ya kugeuza namba hizo kuwa latitudo na longitudo, nikachagua kanda ya 37 kusini (kipande cha gridi ya ramani ilimo Muheza), nikabonyeza, nikapata pini nne juu ya ramani. Nikaifuata ya kwanza. Doti ya bluu inayoonyesha nilipo ikakaa juu ya pini barabara, na mimi nimesimama katikati ya michungwa iliyopaliliwa vizuri, isiyo yetu.

Badala ya kujiuliza, niliamini simu. Nikamwendea bibi mwenye michungwa, yuko barazani anachambua mchicha. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika, "Marahaba mwanangu, karibu." Nikamweleza kwamba vipimo vinaonyesha sehemu ya michungwa yake imo ndani ya shamba la marehemu baba. Hakupandisha sauti. Aliniambia, "Mwanangu, ile michungwa niliipanda na marehemu mume wangu. Mashimo alitusaidia kuchimba baba yako." Kisha akaendelea kuchambua mchicha wake, na mimi nikawa sina pa kuuweka uso.

Tangu siku ile nimesikiliza watu wengi wenye mashauri kwenye mabaraza ya ardhi ya kata, na mara nyingi yupo mmoja aliyeshika simu akisema, "GPS imeonyesha." Ndiyo sababu naandika. Nataka ujue simu inasema nini na haisemi nini kabla hujabisha hodi kwa jirani.

Kosa langu lilikuwa hili. Michoro na ramani za zamani za Tanzania, kama ilivyo kwa ramani nyingi za Kenya na Uganda, zilitengenezwa kwa mfumo uitwao Arc 1960. Simu inatumia WGS84, ambao ndio mfumo wa GPS. Dunia si duara kamili, kwa hiyo wapima huchagua umbo la kihesabu la kuiwakilisha. Arc 1960 ina umbo lake lililokusudiwa kukaa vizuri upande wetu huu wa Afrika, WGS84 ina la kwake la dunia nzima, na vitovu vya maumbo hayo mawili havikutani. Ndiyo maana namba zilezile huangukia sehemu mbili tofauti ardhini. Kwetu Muheza tofauti ni kama mita 300 kaskazini-kusini, na pungufu kidogo ya mita 100 mashariki-magharibi. Ukizichukua namba za mchoro wa zamani ukaziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, itakupeleka kaskazini ya bikoni yako na magharibi kidogo. Huko ndiko iliko michungwa ya bibi. Simu haikuharibika na satelaiti hazikukosea. Niliyezichanganya namba ni mimi.

Kwa hiyo kama utachukua ushauri mmoja tu kwangu, chukua huu: ukipewa namba za mahali, uliza ni za mfumo gani kabla hujaziingiza popote. Kwenye mchoro huandikwa pembeni, mara nyingi kwa herufi ndogo. Siku hizi Tanzania ina mfumo mpya wa taifa, TAREF11, unaokaribiana sana na ule wa simu. Maana yake viwanja viwili vinavyopakana, kimoja cha 1986 na kingine cha mwaka jana, vinaweza kuwa na namba zilizopishana mamia ya mita, ilhali bikoni ya katikati yao ni ileile moja.

Baada ya aibu ile tulimwita mpima ardhi aliyesajiliwa. Alikuja na vipokezi viwili. Kimoja alikisimamisha kwa miguu mitatu juu ya alama ya upimaji ambayo namba zake za mahali (koodineti) zinajulikana. Cha pili kilikuwa kwenye fimbo ndefu, mfano wa uyoga mweupe juu ya mpini. Cha kwanza wanakiita besi, cha pili rova. Nikamwomba anieleze, naye ni mtu mwenye subira.

Satelaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu, na kipokezi hupima muda ambao ishara imetumia kufika. Ishara husafiri kwa kasi ya nuru, kwa hiyo saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya bilioni ya sekunde, umeshapotea sentimita 30. Juu yetu pia kuna tabaka la anga lenye chaji za umeme linaloichelewesha ishara, na ukanda huu wa karibu na ikweta tabaka hilo lina vurugu kuliko Ulaya, hasa saa za jioni baada ya jua kuzama. Besi inajua iko wapi, kwa hiyo inaona papo hapo vipimo vya satelaiti vimepotoka kiasi gani, na inamtumia rova masahihisho kwa redio. Kwa kuwa vyote viwili viko chini ya anga moja, kosa la kimoja ni kosa la mwenzake, na linafutika. Simu ya mkononi haina besi. Hapo ndipo penye tofauti ya sentimita 2 na mita 5.

Alitembea na fimbo yake, macho kwenye skrini, hatua zikizidi kuwa fupi, mpaka akasimama pembeni ya kichuguu kilichofunikwa na magugu. "Hapa. Chimbeni taratibu." Kijana akapiga jembe, kwenye kina cha kama futi moja likalia. Tukaondoa udongo kwa mikono. Zege, katikati ncha ya nondo yenye kutu, na namba iliyochorwa zege likiwa bado bichi. Nilipiga magoti nikaisafisha kwa kidole. Ilikuwa ileile ya kwenye bahasha ya baba.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yetu na kanga yake mabegani. Akasema, "Hapo kwenye kichuguu ndipo baba yako alipokuwa akipumzika. Nilijua jiwe liko hapahapa." Alilijua siku zote, na sikumuuliza. Wewe anza na majirani wazee, halafu mpima, halafu simu.

Sasa twende kwa madalali. Kila anayetafuta kiwanja hutumiwa lokesheni kwa WhatsApp, na wengi huichukulia kama anwani. Jiulize ilitumwa kutoka wapi. Mtu akiwa ndani ya nyumba ya bati au katikati ya maghorofa, simu yake haizisikii satelaiti vizuri, hivyo hukisia kwa minara ya simu na kwa ruta za Wi-Fi zilizo karibu. Kampuni za ramani zimehifadhi orodha ya ruta na mahali zilipoonekana mara ya mwisho. Dada yangu alihama Ubungo kwenda Muheza na ruta yake. Kwa siku kadhaa kila alipokuwa chumbani, simu yake ilisisitiza yuko Dar es Salaam. Kwa hiyo dalali akikutumia lokesheni, mwombe aitume akiwa amesimama juu ya kiwanja chenyewe, nje, baada ya kusubiri dakika moja au mbili. Na usilipe hata shilingi ya kiwanja ulichokiona kwenye pini tu.

Kuna kitu kidogo ambacho watu hawakitazami: ule mduara hafifu unaoizunguka doti ya bluu. Huo ndio ukweli wa simu. Kwa simu za Android maana yake ni kwamba kuna uwezekano wa asilimia 68 uko ndani ya mduara ule. Kwa maneno mengine, kila ukipima mara tatu, takribani mara moja uko nje yake. Na usidanganywe na urefu wa namba. Programu ikikuandikia tarakimu nane baada ya nukta inajifanya inajua milimita. Ya tano peke yake ni kama mita moja ardhini, na simu yako kwa kawaida haifiki hata hapo.

Haya nayasema si kwa kuidharau simu. Kwa kukadiria shamba kubwa inafaa sana, na ni bora kuliko zile hatua 70 kwa 70 za kuhesabia ekari, kwa sababu hatua za muuzaji huwa fupi. Ukizunguka ekari 10 na simu, kosa la mita tatu pembeni si kitu. Lakini kiwanja cha mita 20 kwa 20 upande mmoja ukisogea mita 3 umepoteza mita za mraba 60 kati ya 400. Hapo ni ukuta, ni choo, ni ugomvi wa miaka. Ukipima kwa simu, pima mahali pa wazi, mbali na ukuta na miti mikubwa, ambavyo huzuia ishara au huirudisha kama mwangwi. Kaa kwenye kona dakika kadhaa. Rudia siku nyingine kwa saa tofauti uone namba zinapishana kiasi gani. Upishano huo ndio kosa lako. Na usiguse namba za mwinuko. Kuna programu zitakazokuambia uko zaidi ya mita 20 chini ya bahari ukiwa umesimama ufukweni Raskazone, kwa sababu zinapima kutoka kwenye lile umbo la kihesabu, si kutoka kwenye maji. Usizitumie kuchimbia mfereji.

Mambo yanasonga mbele, na ninayafurahia. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa inaivuruga kwa makusudi ishara ya GPS ya raia, na kosa liliweza kufikia mita 100. Leo simu ya kawaida inasikia pia satelaiti za mifumo mingine, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na tangu 2018 zipo simu zinazopokea ishara za satelaiti kwa masafa (frikwensi) mawili kwa pamoja, jambo linalopunguza ule mwangwi wa kuta. Galileo tangu Januari 2023 inatoa bure masahihisho ya kufikia kama sentimita 20, ingawa yanahitaji kipokezi chenye uwezo huo. Ukiwa unanunua simu ya kazi za shambani, uliza kama ina masafa mawili. Lakini hata simu bora kuliko zote haitajua kama namba uliyoiandika ni ya Arc 1960.

Kwenye bahasha ya baba nimeongeza karatasi moja. Ina namba za bikoni zote nne kwa mifumo yote miwili, jina la mfumo juu ya kila safu, tarehe ya upimaji, picha ya kila bikoni pamoja na mti au kichuguu kilicho karibu, na sahihi za majirani watatu. Bibi aliweka dole gumba. Nakala yake anayo, ameikunja ndani ya sanduku lake la nguo.